Doa Jeupe

Friji huja kwangu Ngara zimevaa.
Sijawahi kuletewa iliyo uchi.
Hii ya leo imeshuka kutoka Pangani, ghorofa ya nne,
ina kipepeo, ina ngao ya timu iliyoshuka daraja,
ina kalenda ya kanisa ya mwaka tuliokubaliana kuusahau,
na namba ya Mutinda wa maji, tarakimu moja imefutika.

Kazi yangu ni kuivua.

Kwanza kucha. Na kucha ni mwongo:
huinua pembe moja, ukafurahi,
karatasi ikachanika katikati
ikakuachia nusu ya picha na ulimbo wote.
Hapo ndipo mgeni wa kazi hutafuta kisu.
Mwakio, kijana wangu, alikishika siku ya kwanza;
friji ya watu ikatoka na chale shavuni.
Nikamwambia, gundi haishindwi kwa nguvu,
gundi huchoshwa.
Lowesha tambara kwa maji moto, libandike, lisubiri.
Ukihisi sasa ni wakati wa kukwangua,
lisubiri tena.

Mafuta ya kupikia kwa stika za watoto,
hata yale yaliyokwisha kukaanga mandazi,
gundi haina maringo.
Mafuta ya taa kwa zile za kanisa:
zilibandikwa kwa imani, hazitoki kwa maji.
Asetoni naazima kwa Kinya wa saluni,
tone moja, juu ya chuma, kamwe si juu ya plastiki
(niliwahi kuyeyusha mlango wa mtu; nililipa kwa miezi mitatu).
Majivu mwisho, kwa kidole, mviringo kwa mviringo,
mpaka ule unato unaookota vumbi lote la Ngara
ukuachie mkono.
Utajuaje imekwisha?
Nzi anatua, kisha anaondoka.

Saa tisa friji iling'aa.
Nikarudi nyuma hatua tatu nikaitazame vizuri,
nikaona kipepeo.

Si karatasi. Karatasi ilikuwa ndooni, imelowa, haina hadhi.
Si gundi. Nzi ni shahidi.
Ila mlango mzima ulikuwa umeiva
kwa miaka ya moshi wa vitunguu na jua la dirishani,
umeshika rangi ya meno ya mvuta sigara,
na pale, usawa wa kiuno changu,
mabawa mawili meupe
kama siku friji ilipotolewa kwenye boksi.

Kiuno changu ni kimo cha mtoto wa miaka mingapi?
Sikutaka kuhesabu.
Nilihesabu.

Nikachukua tambara nikasugua pale.
Nikaongeza majivu. Nikasugua.
Mwakio akacheka: Mzee, unasugua usafi.

Jioni akaja Bi Nzilani, mwalimu, mkoba wa madaftari begani.
Aliizunguka mara mbili, akafungua, akanusa, akafunga,
akaweka kidole juu ya bawa la kushoto.
"Na hili doa?"

Doa!
Mahali pekee pasipo na doa katika friji nzima.
Nikafungua mdomo nimweleze,
nikaona ni hadithi ndefu, nusu yake siijui,
na mwenye mkokoteni ameanza kukohoa.
Akakata mia tano.
Nikakubali.

Kisha, kwa mazoea, nikageukia mgongo wa friji
nikabandika stika ya duka langu:
MALI IKIUZWA HAIRUDI.
Gundi ya fundi viatu ile, ya kopo jekundu.
Nikaikandamiza pembe zote nne kwa gumba.

Mwakio aliniangalia, kamba ya mkokoteni mkononi.
"Mzee, atakayeitoa hiyo atatulaani."

"Atumie maji moto," nikasema.
"Na asiwe na haraka."